Kinyonga wa Mama Bertille Haondoki

Kijiwe chetu kiko kwenye kona ya barabara inayoshuka bandarini, hapa Kalemie: ubao mrefu juu ya matofali, bati la kuzuia jua, na jiko la Mama Bertille, ambaye kahawa yake ya tangawizi inafufua hata aliyekesha kwenye matanga. Asubuhi hiyo tulikuwa tumebanana upande mmoja wa ubao. Upande wa pili, karibu na jiko, haukaliki, kwa sababu hapo ndipo Mama Bertille alipomweka kinyonga wake. Alikuwa amechomeka tawi la mpera kwenye kopo la maziwa lenye mchanga, akampandisha kinyonga juu yake, halafu akafunika vyote kwa kipande cha chandarua kipya, kama mtu anayelaza mtoto mchanga. Chini ya tawi aliweka kisahani cha maji na ndagala wachache wa kukaanga, wale dagaa wa ziwa letu. Amekaa naye tangu Jumapili, na sasa mnyama alikuwa amefumba jicho moja na kuwa mweusi tii.

— Mama Bertille, ninasema kwa heshima. Leo ni yeye ao ni sisi.

Huyo ni Papa Symphorien. Tunamwita Shefu Gare, yaani mkuu wa stesheni, kwa kuwa alifanya kazi kwenye reli. Siku hizi hana treni ya kupanga, kwa hiyo anapanga maisha yetu.

— Basi muende, Papa, — Mama Bertille alijibu bila kugeuka. — Barabara ni pana.

— Unafukuza wateja juu ya nyama ya pori, juu ya kinyonga?

— Sifukuzi mutu. Ni weye njo umesema utaenda.

Hakuna aliyeinuka. Kahawa nyingine ya tangawizi iko mbali, na Shefu ana magoti mabaya. Germain akaona nafasi ya kuingia. Germain anachaji simu za watu, na tunamwita Radio kwa sababu habari humfikia kabla hazijatokea.

— Miye sisemi uchawi, — Radio akaanza. — Ninasema mambo ya masomo. Muangalie macho yake. Moja inaangalia bandari, moja inaangalia sisi. Mutu wa kawaida anaangalia fasi moja. Huyu anafanya ripoti.

— Ripoti ya nani?

— Ya wenye kumutuma! Wakubwa walisema, kikulacho kiko mu nguo yako.

— Haiko mu nguo yangu, — Mama Bertille akasema. — Iko mu kopo.

Apollinaire wa pikipiki, yaani Turbo, alikuwa na andazi mdomoni, lakini andazi halijawahi kumzuia kusema.

— Na rangi? Jumapili alikuwa rangi ya majani. Kisha manjano. Leo mweusi. Hiyo ni nguo ya kilio. Kuna mutu atakufa hapa kijiweni.

Tukaangaliana. Halafu, sijui kwa nini, wote tukamwangalia Shefu.

— Muniache!

— Ni juu ya umri tu, Papa, — Turbo akamtuliza. — Siyo kwa ubaya.

— Munacheka, lakini miye ninajua, — Shefu akasema. — Kule Ankoro baba yangu mudogo alikuta kinyonga amelala juu ya kasia yake. Siku ile ile kasia ikavunjika.

— Ilikuwa ya zamani? — nikamuuliza.

— Ilikuwa ya zamani, ndiyo. Lakini ilingojea kinyonga ndipo ivunjike!

Mama Bertille alikoroga kahawa kwa nguvu mpaka ikamwagika kwenye makaa. Shefu akaendelea, maana akishaanza hana breki.

— Tena hakuli. Ndagala ziko pale, nzuri, za kukaanga. Mbwa anakula ndagala, paka anakula, kuku anakula. Nyama gani iishi hapa ku ziwa na ikatae ndagala? Huyu hakuli mbele ya watu kwa sababu usiku anakula fasi ingine.

— Anakula nini?

— Anakula miaka yetu.

Hapo hata Turbo aliacha kutafuna. Radio hakupenda kupitwa.

— Munaona padogo sana. Ziwa ilipanda, ikameza manyumba ya pwani, ninyi mukasema ni mvua. Kinyonga akikasirika anafanya nini? Anavimba! Na kitu ikivimba, maji lazima ipande. Hiyo ni fizike. Haba na haba hujaza kibaba.

Sikuona kibaba kinaingiaje, lakini Shefu alitikisa kichwa kama padri aliyepewa neno. Akatia mkono mfukoni, akatoa karatasi iliyokunjwa. Wote tunajua wazee hapa humfanya nini kinyonga: humtia tumbaku mdomoni, akatetemeka, akafa, na watu wakarudi nyumbani wakijiona wamelinda kijiji.

— Kidogo tu, Mama, — akasema kwa upole. — Hatateseka. Nitafanya miye mwenyewe.

Mama Bertille aligeuka na upawa mkononi.

— Rudisha tumbako yako mu mufuko, Papa Symphorien. Rudisha sasa.

Hakumwita Papa tu, alimwita jina lake zima. Tukajua yamekuwa mengine.

— Jumapili nilitoka misa, nikapita ku shamba yangu, kule Katanika. Nikakuta wanaume wamemubana huyu chini ya kijiti, wanatafuta tumbako, wanacheka. Nikauliza, amewafanya nini? Wakasema, analeta mukosi. Ile neno ninaijua! Wakati tulikimbia vita kule Nyunzu, tukafika pale Katanika na mashuka tuliyobeba ku kichwa, watu walisema ni sisi njo tunaleta mukosi. Mutoto wa jirani akiugua, ni sisi. Mvua ikikataa, ni sisi. Nilikuwa na mutoto mu mugongo, na sikuleta kitu. Nilikuwa na nini ya kuleta? Sasa weye umekunywa kahawa yangu miaka yote hii, unaniletea tumbako?

— Mama, miye sikukuwa kati ya wale...

— Sikusema weye. Ninasema huyu haondoki. Kama unaogopa mukosi, shuka ku bandari, utafute kahawa isiyo na mukosi.

Shefu alirudisha karatasi mfukoni, lakini hakutaka kushindwa bila methali.

— Asiyesikia la mukubwa anavunjika muguu.

— Yeye iko na mine. Atabakia na mitatu.

Tungecheka, ila uso wake ulitukataza. Alikuwa anatazama chandarua, na machozi yalikuwa yamemjaa. Ubishi wetu ulikuwa umetuficha jambo ambalo yeye alilijua tangu alfajiri: kinyonga wake alikuwa anakufa. Ngozi imelegea, mbavu zinahesabika, jicho limezama. Amemwokoa kwenye tumbaku, sasa atamzika yeye mwenyewe, tena mbele yetu, na sisi tutasema tulisema.

Ndipo akaja mama mmoja na mfuko wake, anangoja boti ya kwenda Moba. Baadaye alituambia anaitwa Chantal. Akaona upande mtupu wa ubao akakaa hapo hapo, ubavuni mwa kinyonga, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia aogope. Akaomba kahawa, akachungulia ndani ya chandarua.

— Huyu anakunywa maji namna gani?

— Kisahani njo hiyo, — Mama Bertille akasema.

— Kisahani ninaona. Ninauliza, mulisha kumuona anakunywa?

Shefu alimwangalia Radio. Radio alimwangalia Turbo. Turbo aliangalia andazi lake. Sisi tuliojua mnyama anaripoti kwa nani, anakula nini usiku na ziwa lilipandaje, hatukujua kama ana kiu.

Mama Bertille akafunua chandarua, akakitazama kisahani. Maji yalikuwa vile vile, yametandwa na vumbi. Akachukua kikombe cha mgeni, akakisuuza, akarusha maji barabarani kama anavyofanya kila siku, na matone machache yakaangukia majani ya mpera.

Jicho lililofumba likafunguka. Kinyonga akageuza kichwa taratibu sana, akasogeza mdomo kwenye jani, akalamba tone. Akangoja. Akalamba la pili.

— Anakunywa, — Turbo akanong'ona.

Mama Bertille akashika bidoni, dumu lake la maji. Bomba lilikuwa limekauka tangu juzi, na maji yaliyobaki yalikuwa ya birika la pili tu. Shefu alikuwa bado hajapata kikombe chake cha pili.

— Mama, hiyo ni maji ya kahawa.

— Ilikuwa.

Akachovya vidole, akanyunyiza jani moja, akanyunyiza lingine, polepole, mpaka bidoni ikabaki tupu. Kinyonga alilamba bila kutujali. Na kwa kuwa chandarua kilikuwa wazi, inzi wakafuata wale ndagala. Mmoja akatua kwenye ukingo wa kopo. Tukaona mdomo unafunguka, ulimi ukatoka, ukakosa. Akatua mwingine. Pa! Inzi hayupo.

Turbo aliangusha andazi.

— Niliwaambia! — Shefu akapiga kelele. — Ndagala njo chakula yake!

Mama Bertille alikivuta chandarua chote, akakikunjakunja kifuani.

— Miye njo nilimufungia chakula inje, — akasema, akicheka na kufuta machozi kwa pamoja. — Nilikuwa ninamukinga inzi!

Halafu akajinyoosha, na sauti yake ikarudi yote.

— Kahawa imekwisha. Aliyesema ni yeye ao ni sisi, wakati njo huu. Barabara ni pana.

Shefu akainuka, mkono kwenye goti. Tukajua anaondoka, na mtu wa umri wake akiondoka kijiweni kwa hasira harudi. Akaichukua bidoni tupu, akaanza kuteremka barabara.

— Papa, unaenda wapi? — Radio akamuuliza.

— Kutafuta maji. Juu ya kahawa yangu. Siyo juu ya ule mutu wenu.

Akafika kona, akasimama. Akarudi nusu ya njia na bidoni yake, akapaza sauti mpaka watu wa bandarini wakageuka:

— Anakunywa ya ziwa, ao nitafute ya kisima?

Hakuna aliyejua.

— Leta zote mbili! — Mama Bertille akamjibu.