Mstari Mmoja, Barua Ishirini na Tano

Ndugu waombolezaji, anayewasomea ni shemeji wa marehemu, dereva mstaafu wa malori aliyevuka mipaka saba ila somo la hisabati likamshinda, kwa hiyo akikwama mvumilieni, na akipandisha sauti mwacheni.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, nyuma ya karakana ya reli, mtoto wa tatu wa fundi wa kunyoosha vyuma, akamaliza shule ya msingi 1975, sekondari 1979, chuo cha ualimu 1982, na tarehe 1 Februari 1983 akaanza kufundisha hisabati katika darasa lenye dirisha moja lisilo na kioo. Tarehe 14 Desemba 1988 alimwoa dada wa msomaji huyu, fundi cherehani, wakajaliwa mabinti wawili.

Novemba 1999, akisahihisha mitihani ya taifa, alikuta watahiniwa arobaini na watatu wa shule moja ambao, walipoulizwa mlinganyo wa mstari, hawakuandika y = 2x + 3 kama mwongozo ulivyotaka, bali 2x − y + 3 = 0, ambao ni mstari uleule, umebadilisha shati tu, na hata shemeji bwege alipochorewa juu ya meza kwa chaki ya cherehani alielewa. Mkuu wa wasahihishaji akaagiza wote wapewe sifuri, akasema, "Mwalimu, hapa hatujaja kufikiri," marehemu akawapa alama zao, kesho yake akafukuzwa kwenye kazi ya usahihishaji kwa barua yenye neno "uzembe", na alama za watoto wale zikafutwa.

Tangu hapo, kila Januari, aliandika barua kwa ofisi ya mitihani kutaka neno hilo liondolewe na mahali pake paandikwe "msahihishaji makini", barua ishirini na tano, dai lilelile kwa maumbo tofauti, fupi, ndefu, nyingine na mchoro wa grafu, na hakujibiwa hata salamu.

Alianza kuugua figo Septemba 2022, barua ya mwisho akamsomea binti mkubwa aiandike, akifoka kila koma ilipokosewa, na akafariki Jumanne tarehe 4 Juni 2024, saa nne asubuhi, wodi namba tatu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliobeba viti na maturubai, na walimu wenzake mliomshikia vipindi. Ofisi ya mitihani nayo imeleta shada, na kadi iliyoandikwa "msahihishaji makini", maneno aliyoyaomba robo karne alipokuwa na macho ya kuyasomea. Shada tumelipokea, maua hayana kosa, lakini kadi mjane anairudisha leo hii, mkononi mwa aliyeileta, pamoja na barua ya ishirini na sita, inayotaka maneno hayohayo yenye sahihi na muhuri.

Mwalimu, wewe pumzika kwa amani, hasira tuachie sisi.