Neno Lililomezwa na Honi ya Treni: Maisha ya Mwalimu Soila Wanjala

Ndugu waombolezaji, majirani wa Kitengela, nanyi mliosafiri kutoka Bissil na Bungoma, familia imeomba historia hii isomwe mbele yenu, na kama marehemu angeiandika mwenyewe tungekaa hapa hadi kesho, maana angetia swali katika kila mstari.

Mwalimu Soila Wanjala, binti wa mzee Lemein na mama Seleyian, alizaliwa Bissil, Kajiado, tarehe 1 Januari 1955, hivyo ndivyo kitambulisho kinavyosema, ingawa mamake alishikilia kwamba siku ile mto ulifurika, na marehemu hakuchoka kuuliza ni Januari gani Bissil ilipata mafuriko. Alisoma shule ya msingi hapo Bissil kuanzia 1963, akaendelea na sekondari mjini Kajiado, na mwaka wa 1974 akajiunga na chuo cha ualimu.

Tarehe 8 Agosti 1975, akiwa nyumbani kwa likizo, gari la sinema lilifika Bissil siku ya soko la mifugo, shuka jeupe likatundikwa kwenye ukuta wa duka, na picha iliyoonyeshwa ilikuwa ya zamani, isiyo na rangi, ya muuguzi na askari waliopendana vita vikiendelea, askari akasemekana amekufa, muuguzi akaolewa na daktari, kisha askari akarudi akiwa hai. Maneno yalikuwa ya Kizungu, kwa hiyo mwendeshaji wa gari, kijana Joram Wanjala kutoka Kimilili, alisimama na kipaza sauti akitafsiri, na mwishoni, pale stesheni, muuguzi alipomnong'onezea askari sikioni, Wanjala alitangaza kwamba amesema, "Nitamwambia baba arudishe ng'ombe wa daktari." Wafugaji walishangilia sana, lakini Soila alimfuata Wanjala alipokuwa akikunja nyaya zake, akamuuliza, "Kama ng'ombe wanarudi, mbona huyo askari anapanda treni peke yake?" Wanjala alicheka, akasema gari limechelewa.

Januari 1976 marehemu aliajiriwa kufundisha Illasit, upande wa Loitokitok, na mwezi wa Aprili gari lile likamkuta huko na picha ile ile, ila safari hii, mbele ya watu wa kanisa, muuguzi alisema, "Nisamehe, tutaonana mbinguni," na mwalimu mwenzake kutoka Entarara akamwambia kwamba kwao, mbele ya wakulima, alikuwa amesema, "Nenda ukalime, vita vimeisha." Njia ya mwongo ni fupi, lakini huyu alikuwa amepewa gari la kazi.

Tuseme wazi kwamba marehemu alikuwa ameshampenda, kwa sababu tangu ahamie Illasit kijana alikuwa akimtumia salamu kwa kila mtu aliyepanda kwenda Loitokitok, ila aliapa kutoolewa na mtu ambaye ulimi wake unageuka kulingana na waliokaa mbele yake. Wanjala alipotaka kuleta wazee, marehemu alimpa mtihani mmoja tu, aseme yule mwanamke alisema nini hasa, na kijana ambaye hakuwahi kukosa neno aliinamisha kichwa, akajibu, "Mwalimu, mimi sijui. Hapo treni inapiga honi, hakuna mtu anasikia kitu. Lakini watu wananyamaza wananiangalia, sasa nifanye nini? Nawapa tu neno."

Kwa "sijui" hiyo marehemu alikubali, akamweleza babake, aliyeshangaa binti yake kuchagua mtu wa mbali asiyejua hata salamu ya Kimaasai, kwamba wanaume wanaokiri kwamba hawajui ni wachache. Walifunga ndoa Kajiado tarehe 18 Desemba 1976, wakajaliwa Nanjala mwaka wa 1978 na Austin mwaka wa 1981, wakahamia Kitengela mwaka wa 1994, na marehemu alifundisha hadi alipostaafu mwaka wa 2015.

Lakini shaka moja halikumtoka miaka hiyo yote, kwamba mtu aliyempa kila mtu neno la kumpendeza, huenda "sijui" ndilo alilomchagulia yeye. Alimpenda mumewe na bado alitaka kujua, alimvizia na swali lile katikati ya ugali, njiani kutoka kanisani, hata akinyolewa ndevu, na mzee alijibu vilevile kila mara, jambo ambalo kwa mwalimu si ushahidi, maana hata jibu lisilo sahihi hukaririwa.

Mwaka wa 2023 mapafu ya marehemu yalianza kudhoofika. Desemba 2024 mjukuu wake Cindy, binti ya Austin, alikuja akikimbia, akamwita bibi yake kwa Kimaasai, "Koko, nimeipata ile movie yenu! Iko na maandishi hapo chini, kila kitu wanasema imeandikwa!" Mzee Wanjala alitaka kwenda kuangalia kuku, akaambiwa kuku watangoja. Waliketi wakaitazama yote, na pale stesheni midomo ya muuguzi ilisogea, honi ikalia, na chini kukaandikwa kwamba treni inapiga honi, basi. Marehemu aliomba irudishwe, ikarudishwa, akaomba tena, kisha akalia kwa furaha, akamshika mumewe mkono, akamwambia, "Baba Nanjala, kumbe hukunidanganya."

Tarehe 11 Machi 2025, asubuhi, katika hospitali moja hapa Kitengela, akiwa na mumewe peke yake, marehemu alimvuta karibu, akamwambia jambo sikioni, akatulia milele. Watoto walipofika walimzunguka baba yao wakitaka kujua mama amesema nini, kama amewabariki, kama amewaambia wapendane, na hakuna aliyeweza kuwapa neno zuri kumshinda yeye, lakini aliwatazama machozi yakimtoka, akasema, "Sikusikia. Hiyo mashine ya oksijeni ilikuwa inapiga kelele. Siwezi kuwadanganya."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia usiku na mchana, majirani waliopika na kukesha nasi, walimu wenzake, waumini, na nyote mlioacha shughuli zenu.

Mwalimu, ulilolisema hatukulisikia, na hatutakutungia lingine. Lala kwa amani.