Mikono Iliyokunja Parachuti za Kikosi cha Mwewe

Tarehe 28 Novemba mwaka huu, Sajenti Mstaafu Kavindu Nthiwa, ambaye sisi wanafunzi humwita Mama Kavindu, atafunika cherehani yake kwa mara ya mwisho. Atakuwa ameitumikia shule yetu hapa Kwa Vonza kwa miaka ishirini akiwa fundi wa sare. Kabla ya hapo alitumikia Jeshi la Wanahewa kwa miaka kumi na minane, akikunja parachuti za marubani wa ndege za kivita.

Kila msichana anayeingia kidato cha kwanza humwogopa. Unaingia chumba cha ushonaji na sketi iliyofumuka, unamwamkua, naye anaendelea kukata kitambaa kana kwamba hakuna aliyeingia. Wengine wametoka pale wakilia, wakisema mama yule ana dharau. Kisha mkasi unawekwa mezani, na ile sauti nene inauliza, "Haya, nani alikuwa ananiamkua? Lete hiyo sketi uliyoiua." Tulidhani ni tabia yake tu. Chama cha Maktaba kilipopewa kazi ya kuandika wasifu huu ndipo tulipojua alikoitoa. Katika maktaba yetu hakuna kitabu kinachotaja Kikosi cha Mwewe, kwa hivyo historia hii imetoka kinywani mwake, na ameruhusu iandikwe yote.

Kikosi cha Mwewe kiliundwa miaka ya sabini kwa ndege za kivita zilizonunuliwa zikiwa zimeshatumika ng'ambo. Kazi yake ilikuwa kulinda anga ya kaskazini na mashariki. Ndege hizo zilipopita juu ya Kitui kwa kasi inayoshinda sauti, mlio wake ulitikisa mabati, na watu wa Nuu, alikozaliwa Mama Kavindu, walikimbia kuanua ndengu wakidhani ni radi. Wakitazama juu waliona jua kali na mstari mweupe tu. Anakumbuka babake aliilaani ndege moja siku nzima, kwa sababu ulikuwa mwaka wa ukame naye alikuwa ameshaanza kufurahi.

Alijiunga na kikosi hicho mwaka 1987, akapelekwa chumba cha parachuti. Palikuwa na meza ndefu iliyong'arishwa, na msimamizi wake alikuwa Sajenti Rashid Bilal, mwenyeji wa Mwingi. Sheria ya chumba ilikuwa moja: anayekunja hasemi. Akijibu neno moja tu, hata kama amebakiza mkunjo wa mwisho, anafumua yote na kuanza upya.

"Ukiongea, mkono unaendelea lakini akili imebaki nyuma," Sajenti Rashid aliwaambia. "Na rubani hataangukia maneno yako matamu. Ataangukia mawe."

Sheria hiyo ilikuwa ngumu kwa binti wa Nuu. Kwao, mtu mzima akikusalimia ukanyamaza, habari hufika nyumbani kabla yako. Hata hivyo aliizoea. Kwa miaka kumi marubani wa Mwewe waliruka na parachuti alizokunja, na wawili waliolazimika kuchomoka angani walirudi wakitembea kwa miguu yao. Mmoja alimletea mbuzi.

Mwaka 1997, Ijumaa moja, mjomba wake Mbaluka alifika kambini kumtembelea. Sajenti Rashid alikuwa ameenda msikitini. Mzee alisimama dirishani, akamsalimia mara ya kwanza, akamsalimia mara ya pili, kisha akapaza sauti: "Kavindu! Serikali imekulisha ukashiba mpaka mjomba wako hasalimiwi?"

"Mjomba, nisubiri kidogo," akajibu.

Maneno yalikuwa yameshatoka. Akaifumua parachuti yote, akaanza upya, na mjomba akasubiri juani akinung'unika. Lakini karani aliyepita ukumbini alisikia mazungumzo, na hakuiona parachuti ikifumuliwa.

Parachuti hiyo ilifungwa kwenye kiti cha Luteni Mulinge, kijana wa Kibwezi. Wiki iliyofuata, injini ya ndege yake ilizimika alipokuwa akirudi kutua. Kiti kilimrusha nje, lakini hakupona.

Mama Kavindu anasema hakulia siku ile. Aliketi akiitazama mikono yake. Kambini maneno yalienea kuwa yule mwanamke wa Kitui alikuwa akipiga gumzo. Wachunguzi walipomuuliza kama alizungumza, alisema ndiyo. Walipomuuliza nani alimwona akifumua, alisema hakuna. Mjomba aliitwa, akasema alichojua: alisubiri sana, na hakuelewa ni kwa nini.

Uchunguzi ulichukua miezi mitatu, na muda wote huo hakuruhusiwa kuigusa meza. Mwishowe ilibainika kwamba parachuti ilitoka vizuri na kamba zake zilinyooka. Ardhi ndiyo iliyokuwa karibu mno. Akarudishwa kazini, na wenzake wakampigia makofi. Lakini maneno ya gumzo yalikuwa yamefika Kibwezi siku ya mazishi, na hakuna mkubwa yeyote aliyekwenda kumweleza mamake Mulinge ukweli. Mama Kavindu aliomba ruhusa, akaenda mwenyewe.

Alimkuta mama huyo, Mama Katunge, akimwagilia nyanya.

"Wewe ndiye mwanamke wa gumzo?" mama aliuliza.

"Ndimi, mama. Mimi ndiye niliyekunja."

Alieleza yote: mjomba, dirisha, jinsi alivyofumua, matokeo ya uchunguzi. Mama Katunge alisikiliza bila kumkaribisha hata kivulini. Kisha akaingia nyumbani, akatoka na shuka pana ambalo mwanawe alilitumia bwenini akiwa shule. Akalitupa kwenye meza iliyokuwa uani.

"Hayo ni maneno. Kunja nione."

Mama Kavindu akalinyoosha, akaanza kulikunja kana kwamba lina kamba na lina mtu. Mama Katunge akasimama begani pake.

"Utakunywa chai au uji?" Mama Kavindu akalaza mkunjo wa kwanza. "Nakuuliza, chai au uji? Kumbe jeshini hawafundishwi adabu!" Jirani aliyeitwa Ndunge akatokea, akasalimia, akasalimia tena. Mama Katunge akacheka kwa uchungu. "Huyu hajibu watu, Ndunge. Huyu alimfunga mtoto wangu kama gunia. Sema, we mwanamke! Alikuaga? Alikwambia nini asubuhi ile?"

Machozi yalimtoka Mama Kavindu, yakaanguka kwenye shuka, naye akaendelea kukunja. Alipomaliza mkunjo wa mwisho aliweka kiganja juu yake, akainua uso.

"Aliniambia tuonane jioni, mama," akasema. "Na nitakunywa uji. Ndunge, sijambo."

Mama Katunge aliketi chini palepale kwenye udongo. Hakuwa amelia tangu mazishi; sasa alilia. "Basi si wewe," alisema. "Si wewe, mwanangu." Ndunge ndiye aliyekwenda kupika uji.

Kikosi cha Mwewe kilivunjwa mwaka 2005, ndege zilipochakaa na vipuri vikakosekana. Historia yake ni ya marubani na makamanda, lakini pia ni ya watu waliobaki chini wakihesabu ndege zinazorudi. Mama Kavindu alifika kwetu mwaka huohuo. Sketi na sweta alizoshona hapa zimevaliwa na madaktari, walimu, na dada mmoja ambaye sasa anasomea urubani. Aliposikia habari za dada huyo, Mama Kavindu alifunga mlango wa chumba cha ushonaji mpaka saa ya chakula cha mchana.

Wengi wameuliza kama anarudi Nuu. Mwanawe Mulei amemjengea nyumba huko, na ataifikia kila msimu wa mavuno. Lakini Mama Katunge sasa ni mzee, macho yamemwisha, na hana mtoto mwingine. Kwa miaka hii yote Mama Kavindu amekuwa akienda kwake kila Desemba. Mwaka huu anaenda kukaa.

Mama Kavindu, kwa niaba ya wanafunzi, walimu na wafanyakazi wote, asante kwa miaka uliyotupa. Mungu akupe afya na siku za utulivu. Tumeambiwa kwamba huko Kibwezi chumba chako kimeshapakwa chokaa na kitanda kimetandikwa. Ni chumba cha Mulinge.