Kata Moja ya Nili

Sogeeni, Abilahi, na wewe Kudra. Valeria, usisimame mlangoni kama mgeni, ingia ukae mkekani. Mwalimu Shamte, fungua daftari lako, maana leo nasema nikiwa na akili zangu timamu, asije mtu kesho akadai bibi alikuwa anaweweseka.

Sikilizeni wanangu. Nyumba hii na mikorosho ya bondeni ni mirathi yenu, Mwalimu atawagawia kama dini inavyosema, sina neno. Neno ninalo juu ya mtungi.

Mtungi ule nilipewa na mama yangu, naye akapewa na mama yake, na kwao haukuwahi kukauka. Maji ya nili, ya kutilia nguo rangi, yana uhai: unayalisha majani ya mnili, majivu na pumba, unayafunika yasipigwe na baridi, na kila ukiyapunguza unaacha kata moja ya maji ya zamani, maana hayo ndiyo yanayozaa mapya. Nguo inatoka humo kijani, ikipata upepo inageuka buluu mbele ya macho yako. Mapazia, foronya na shuka nilizofuma kwa mikono hii ndizo zilizoezeka bati hili, ndizo zilizomsomesha Abilahi mpaka akawa bwana wa ofisini Kilwa Masoko.

Na bwana wa ofisini akafanya nini? Mwaka juzi nimelazwa hospitali, akaja mnunuzi wa mapazia kutoka Dar, mwanangu akaona haya kwa harufu ya mtungi. Haya! Harufu iliyomlea! Akaumwaga mtungi wote chini ya mpapai, akausugua kwa sabuni ya unga, akanunua rangi ya paketi. Narudi nakuta mtungi unanukia kama beseni la kufulia. Mapazia yale yakachuja, yakapaka ukuta mzima wa hoteli ya watu, na mnunuzi hakurudi tena. Usiiname, Abilahi. Uliniomba radhi kwa mdomo, nami nikasema yamekwisha kwa mdomo. Hayakwisha. Miaka miwili nimekaa mbele ya kitanda cha mfumi, kile ninachofumia nguo, nikitazama kucha zangu zikirudi nyeupe kama za mtu asiye na kazi, na kila swala nimekutaja kwa uchungu. Leo nakusamehe kwa kuwa siwezi kushuka kaburini na mzigo huu, si kwamba umestahili.

Lakini mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu, na mimi nina langu. Mwanangu marehemu Alfani alipomwoa Valeria huko Rutamba, binti wa Kikristo, niliapa hataugusa mtungi wangu. Siku moja nikamkuta anachota. Nikamwita mwizi mbele ya majirani, nikaivunja ile kata miguuni pake, sikumuuliza lolote. Alfani alikufa hajala tena chakula changu. Eh, Alfani wangu... Nipeni maji. Kidogo tu. Basi.

Ijumaa iliyopita Valeria alikuwa ananinywesha uji, maana nyinyi wawili mna shughuli zenu. Nikaona kucha zake. Buluu, ile isiyotoka hata kwa limau. Kumbe siku ile kibuyu kimoja alikuwa ameshakifikisha kwake, na miaka kumi na minane anayalisha maji yale nyuma ya jiko, kimya kimya. Nikamuuliza, mbona hukuniambia mtungi ulipomwagwa? Akanijibu, "Mama, ningeanzaje, na mimi ndiye mwizi?"

Andika, Mwalimu. Valeria hanirithi, lakini theluthi yangu dini imeniachia nimpe nimtakaye. Mtungi, kitanda cha mfumi na kile kishamba cha nili ni vyake. Kudra, ukitaka kujifunza utakwenda kwake, na utaanza na shikamoo.

Sanda yangu iwe nyeupe kama ilivyoamriwa. Jeneza lifunikwe nguo ya Valeria, aliyoitia nili yeye. Majirani wale wale watakuja, watauliza nguo nzuri hii ya nani. Abilahi, wewe ndiye utakayejibu, na ujibu kwa sauti, wasikie mpaka wa nyuma: ya Valeria, mkwe wa Sada, hakuiba kitu.

Mungu awatazame... awape watoto watakaowasemesha kabla ya... Nimechoka. Valeria, lete mkono, mwanangu. Karibu zaidi. Nizione hizo kucha.