Sanda Yangu Ipelekwe Darasani

Sogeeni, wanangu, sogeeni mnisikie, maana sauti iliyokuwa ikifika ng'ambo ya uwanja wa shule leo haifiki hata mlangoni. Leonsia, keti hapa miguuni. Clavery, mwalimu mwenzangu, usisimame kama mgeni.

Kibanja cha Kagera mwachieni baba yenu mdogo Rugambwa. Nimegombana naye miaka kumi na minane kwa ajili ya migomba ambayo sikuwahi hata kuipalilia, basi na ale ndizi zake kwa amani. Nyumba hii na cherehani ya marehemu mama yenu ni vya Leonsia. Baiskeli na vitabu ni vyako, Clavery. Hayo yamekwisha, wala siyo yaliyonifanya niwaite.

Nimewaita kwa ajili ya Ng'washi, binti niliyemfundisha. Ninyi mlikuwa shule za bweni, hamkumjua. Mwaka ule wa sabini na nne tulipohamishiwa vijijini, baba yake, Mihayo, alibeba vinu na watoto, lakini bibi yao Kashindye alikataa kuondoka, akabaki kule mahameni na makaburi yake. Nanyi mnajua, kwa Wasukuma kama kwetu Wahaya, baba hamwambii binti mambo ya kuvunja ungo, na mama huona haya. Hayo ni ya bibi au shangazi. Bibi sasa yuko mwendo wa siku nzima. Mtoto hakuambiwa na mtu.

Asubuhi moja nilimwita ubaoni, akakataa kusimama. Nikamwita tena, akalia. Mimi nikaona ni kiburi, nikamchapa viboko vinne mbele ya wenzake, hata alipoinuka darasa zima likaona kwa nini alikuwa hainuki. Alitoka, hakurudi tena. Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Wanangu, ulimwengu wenyewe asubuhi ile ulikuwa mimi, na fimbo mkononi.

Alikuwa wa kwanza kwa hesabu. Mwaka mzima, nikiita majina, nilimwita na yeye, Ng'washi Mihayo, kisha nikanyamaza kidogo, wenzake wakitazama madaftari yao. Nilitamani aitikie kama mkulima wa pamba anavyoitamani mvua. Hata leo namngoja.

Mama yenu Suzana ndiye aliyenizindua. Aliniambia, "Baba Clavery, kujuta hakumrudishi. Walimu wako wanajua nini juu ya mwili wa mtoto wa kike?" Hawakujua kitu, na mimi mkuu wao sikujua. Basi nilipoletewa wale vijana wa UPE, mpango wa elimu ya msingi kwa wote, waliomaliza darasa la saba juzi tu, niwafunze ualimu hapa hapa kijijini, nikaweka somo la kila Alhamisi: hedhi. Walikuwa kumi na wawili, tisa wanaume. Mmoja alitoka nje akitema mate. Waliobaki mama yenu aliwapa sindano, kila mmoja akashona kitambaa chake, akakikunja, akakifua kwa sabuni, akakianika juani wala si uvunguni. Mayala, yule mrefu, alijichoma vidole vyote, tukacheka hadi machozi. Na ndiye leo, msichana akikataa kuinuka, huwatoa wengine wote wakacheze kwanza.

Wazee waliniita kikaoni, wakasema Mhaya huyu anawavua nguo binti zetu. Nikawajibu, mficha uchi hazai. Hawakunisemesha mwaka mzima.

Clavery, usitazame dari. Nimesikia tangu nilale hapa Alhamisi yangu umeigeuza kipindi cha bustani. Unaona haya. Hata mimi naona haya, sasa hivi, dada yako akiwa ameinama hivi. Lakini haya haimuui mtu, na ukimya wangu ulimfukuza mtoto shuleni. Niahidi utalirudisha somo lile. Sema kwa sauti, dada yako asikie. Vema.

Nipe maji, Leonsia. Kidogo tu.

Mwaka juzi nilimwona Ng'washi kwenye meli ya Nansio, mtoto mgongoni, mwingine mkononi. Ameolewa kule. Akapiga goti, "Shikamoo, mwalimu." Nikasema marahaba. Marahaba tu, wanangu. Maneno yote niliyomtunzia miaka saba nikashuka nayo, meli ilipofika.

Sandukuni mna kitambaa cheupe, Leonsia alikipangia foleni siku mbili pale duka la ushirika. Msinifiche, najua ni sanda yangu, na najua shida ya nguo ya siku hizi. Nizikeni na shuka langu la kulalia, udongo hauchagui. Kitambaa kile kikatwe darasani, Alhamisi, na mkasi aushike Clavery. Vipande vya kwanza vipelekeni Nansio. Binti wa Ng'washi bado mdogo, lakini atakua, mama yake amtunzie.

Nipeni mikono yenu. Wa Clavery uko wapi... huu. Mungu awalinde. Mpendane. Watoto wenu wasiogope kuwauliza neno.

Mkimwona Ng'washi, msianze na habari ya msiba. Mwambieni ile shikamoo ya melini sikuistahili. Mwambieni mwalimu... anairudisha. Semeni, shikamoo, Ng'washi. Halafu mnyamaze kidogo... mngojeni aitikie.