Naomba Unikatae kwa Maandishi

Mheshimiwa Diwani wa kata yetu, Meneja wetu Bwana Waitara, Mwenyekiti wa kijiji cha Nyangoto, wachungaji, wazee wangu, shikamooni, wafanyakazi wenzangu wa ofisini na wa kwenye mitambo, ndugu mliovuka mpaka pale Sirari ili mhakikishe kwa macho yenu kwamba kweli naondoka, mabibi na mabwana.

Mimi Stanslaus Olima, ofisa utumishi wa kampuni hii ya uchorongaji wa miamba kwa miaka kumi na miwili, nastaafu leo saa kumi kamili. Sasa hivi ni saa tisa na robo. Mtanisamehe nikitazama saa kila mara. Mke wangu Dorka pale mbele ameshaona nimeshika karatasi kwa mikono miwili, na anajua maana yake: naogopa.

Waliotangulia wamenisifu mno. Mmoja amesema mlango wangu ulikuwa wazi kwa kila mwombaji wa kazi. Ni kweli, ulikuwa wazi. Bawaba zilikatika mwaka wa kwanza na hakuna aliyezitengeneza. Mwingine amesema sijawahi kumjibu mwombaji vibaya. Hilo nalo ni kweli. Sijawahi kumjibu kabisa.

Mnacheka. Chekeni, lakini nisikilizeni.

Tangu dhahabu ianze kuvuta watu huku kwetu, barua zimekuja kwa posta, kwa pikipiki, na nyingine ndani ya Biblia ya mchungaji. Nyingi hatukuziomba. Hatukutangaza nafasi hata moja, lakini mtu ameandika kwa mwandiko wake mzuri kuliko wote, ameambatanisha cheti chenyewe halisi, na picha amevaa koti la kuazima. Nami nilipokea, nikatabasamu, nikasema, "Sawa, tutakuita." Niliona ndiyo adabu. Nani anataka kumwambia hapana mtu aliyetembea tangu alfajiri? Basi nikawa mtu mwema, na barua zikaingia kabatini.

Jumatatu hii akaja binti mmoja wa Ringwani, Wegesa Machage, mpishi mwenye cheti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Kazi bado, ila tutakuita."

"Sijaja kuomba kazi," akasema. "Kazi nimepata. Nimekuja kuomba unikatae."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Akanieleza. Miezi kumi na minne iliyopita aliniletea barua, nami nikamwambia hayo hayo ninayowaambia wote. Tangu siku hiyo, kila asubuhi anapanda kilima cha nyuma ya kwao kutafuta mtandao, asije akapigiwa simu asipatikane. Mwaka jana kambi moja ya watalii kule Natta ilimtaka jikoni, akakataa kwa ajili yetu. Sasa wamemwita tena, na safari hii wamemwambia aripoti kesho, yaani siku moja baada ya sherehe hii, kabla ya saa sita mchana, la sivyo nafasi anapewa mwingine.

"Si uende?" nikamwambia.

"Baba hataki. Anasema, 'Kampuni imeshasema itakuita. Watu wazima wale, hawawezi kusema uongo. Wakikuita watamkuta nani hapa?'"

"Mwambie nafasi haikuwepo."

"Nimemwambia. Anasema mimi si ofisi."

Ndugu zangu, mzee Machage hajakosea popote. Amefanya kosa la kutuamini. Je, nyinyi mmezaa wangapi wanaopanda kilima kila asubuhi kwa neno nililolisema mimi nikiwaza chakula cha mchana?

Nikakumbuka ujana wangu. Kabla ya Dorka, nilikwenda kuposa nyumba nyingine, na nadhani Dorka hili halijui vizuri. Yule mzee alinitazama toka juu mpaka chini, akasema, "Kijana, hapana. Hiyo mikono haijashika jembe." Mama mwenye nyumba akaninywesha uji, akanisindikiza mpaka njiani. Niliumia siku tatu. Ya nne nikaanza kutazama pengine, na mnaona nilichokipata. Hebu fikirini kama wangeniambia, "Tutakuita." Leo ningekuwa bado nimekaa getini kwao na mvi hizi.

Basi waajiri wenzangu mliopo hapa, naomba tufanye hivi. Mtu akikuandikia, mjibu kwa jina lake. Kama nafasi haipo, sema haipo. Kama ipo lakini amepata mwingine, sema hivyo, na umwambie alichokosa kama kinajulikana. Cheti chake mrudishie, hicho si chako. Na usiseme "tutakuita" kama huna nia ya kuita.

Bwana Waitara ana hoja zake, na mimi namheshimu. Anasema mwanasheria wa makao makuu ameonya kwamba ukimjibu mtu kwa maandishi, umempa kitu cha kukushikia. Anasema pia tukimjibu mmoja watakuja mia. Meneja, hao mia wameshakuja. Wako kabatini. Tumewahesabu mimi na Neema, katibu muhtasi wetu: ni mia mbili sitini na tatu. Tumeandika jibu kwa kila mmoja, nami nimeyatia sahihi yote, kwa sababu mpaka saa kumi sahihi yangu bado ni ya ofisi. Kesho itakuwa ya mzee mmoja tu anayefuga kuku.

Lakini nyote mnajua barua isiyo na muhuri huku kwetu ni karatasi ya kufungia karanga. Mzee Machage ataigeuza nyuma na mbele, atauliza, "Muhuri uko wapi?" Na muhuri uko kwenye droo ya Meneja, na droo ina kufuli. Jumanne nilimwomba. Akaniambia, "Tutaona." Jana nikamwomba tena. "Tutaona, mzee Olima." Ndipo nikajua uchungu wa dawa niliyokuwa nawanywesha wenzangu.

Wegesa yuko pale nyuma, mwenye kitambaa cha kijani. Pikipiki ya kumrudisha Ringwani inamsubiri nje. Asipofika leo na karatasi yenye muhuri, kesho saa sita atakuwa kilimani.

Sikusudii kumwaibisha mkubwa wangu mbele ya wageni. Ninaomba tu, kama mwombaji wa kawaida, na jibu lolote nitalipokea, hata hapana, ili mradi liwe jibu.

Naona Bwana Waitara ameingiza mkono mfukoni. Jamani, msipige makofi kwanza, huenda anatafuta leso; joto limezidi humu. Hapana… Ni funguo. Neema, mama, kimbia ukazipokee kabla mwanasheria hajapiga simu.

Nawashukuru nyote kwa kunipa masikio yenu na kuvumilia maneno ya mtu mwoga. Mimi nakaa sasa. Wegesa, wewe usikae.