Mama Yetu, Msomaji wa Habari kwa Lugha Tatu

Mama yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1941, juu milimani, akiwa mtoto wa pili kati ya watano. Baba yake alikuwa karani wa forodha, mtu wa bandarini aliyeongea lugha ya pwani. Mama yake alikuwa mkulima asiyejua lugha nyingine ila ya kule kwao. Tangu udogo yeye ndiye alikuwa mkalimani wa nyumba. Hata ugomvi wa wazazi ulipitia kwake, na alikiri kwamba alikuwa akiupunguza makali njiani.

Alisoma shule ya msingi milimani, kisha sekondari ya wasichana mjini, ambako aliyesikika akiongea lugha ya milimani alifagia uwanja. Alifagia sana. Alihitimu mwaka 1959, akiwa na lugha ya tatu, ile ya ofisini.

Tarehe 2 Julai 1962 aliajiriwa kuwa mpiga chapa katika kituo cha redio cha kisiwa chetu, kilichokuwa na studio moja tu. Wiki ya tatu msomaji wa habari alikauka sauti, naye akasukumwa mbele ya maikrofoni. Alisoma taarifa ile ile kwa lugha zote tatu, dakika tano tano. Hawakumwachia tena. Alipoomba kwenda kufundisha shule, mkurugenzi alimwuliza, "Ukiondoka wewe, mimi niajiri watu watatu?"

Tarehe 14 Novemba 1967 aliolewa na fundi mitambo wa kituo, baba yetu. Kati yao kulikuwa na kioo cha studio, na kelele zilikatazwa. "Mimi nilichumbia kwa mikono, kama bubu," baba hupenda kusema.

Mchana wa tarehe 22 Februari 1975 lilifika onyo la kimbunga, kwa lugha ya ofisini. Lugha ya milimani ilipangiwa saa kumi na moja jioni. Mama alijua mto wa kwao hautangoja zamu, akalisoma onyo kwa lugha ya milimani mara tatu mfululizo. Mkurugenzi akapiga simu mitamboni: "Mwondoe hewani!" Baba akajibu, "Simu inakwaruza, mzee, sikusikii." Vijiji viwili vilihama kabla ya maji kufika. Bibi yetu alikuwamo.

Kwa kosa hilo mama aliondolewa hewani, akawekwa chumba cha kanda miaka ishirini na moja, akitafsiri taarifa zilizosomwa na wengine. Spika ya ukutani haikuwa na kitufe cha kuzima. Kila siku alisikia lugha ya mama yake ikivunjwavunjwa na watu walioikariri. Alipotaka kuacha kazi, aliambiwa angoje apatikane mwingine. Hakupatikana.

Televisheni ilipoanza mwaka 1981, ilikuja na lugha moja. Majirani walijaa sebuleni kwetu, wakapunguza sauti ya seti ili wamsikilize mama akitafsiri. Alicheka sana jioni zile. Asubuhi alirudi kwenye kanda, hadi alipostaafu mwaka 1996.

Sisi wanawe hakutufundisha lugha ya milimani. "Imenifunga mimi, inatosha," alisema.

Tarehe 3 Mei 2019 alipata kiharusi. Lugha mbili zilimtoka, ikabaki ya milimani. Aliongea kutwa, nasi tukaitikia, "Ndiyo, mama," bila kuelewa neno. Wiki ya tano, mimi bintiye wa kwanza nilimwomba mwanamke wa milimani aliyeuza mboga langoni mwa hospitali aje amsikilize. Alisikiliza, akanigeukia.

"Anauliza amewakosea nini. Mbona hamumjibu?"

Nilitoka nje nikalia. Mwanamke yule alibaki, akamjibu. Alikuja kila siku kwa siku kumi na moja. Hatujui walizungumza nini, ila mama alicheka mara mbili. Alifariki tarehe 18 Juni, saa nne asubuhi, akiwa ameshikwa mkono.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu saba, na mdogo wake wa kike aliyebaki milimani, asiyeweza tena kusafiri.

Apumzike, mama yetu, mahali anapoeleweka.